Jani Lililoiva na Jani Lenye Njaa

Juzi sokoni Kosele nilipita kando ya mwanamke aliyetandaza gunia chini na kupanga juu yake tumbaku iliyosokotwa kama kamba, nyeusi, inayong'aa kwa utomvu wake. Sikuwa na haja nayo. Maisha yangu yote sijavuta wala kunusa ugoro. Lakini harufu ile ilinisimamisha pale pale, na kikapu changu mkononi, mpaka yule mwanamke akadhani nataka kumwuliza bei.

"Nikukatie kipande, Dani?" akaniuliza. Siku hizi mimi ndiye Dani, bibi wa watu.

"Hapana, mwanangu. Nanusa tu."

Akacheka, akaniacha ninuse. Mimi sikucheka, kwa sababu katika harufu ile nilimwona ndugu yangu Okoth amelala juu ya mkeka, uso umevimba, nywele zake rangi ya jani la tumbaku lililo tayari kuchumwa.

Boma letu lilikuwa mbali kidogo na Suna, upande wa kuteremkia mpaka wa Tanganyika. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, na kwetu sisi watoto alikuwa zaidi jina kuliko mtu. Babu alikwisha kufa. Mwenye boma alikuwa Dani, mama yake Baba, mwanamke mrefu mwenye mifupa mikubwa, aliyesema maneno machache na kuyasema mara moja. Ghala la nafaka lilikuwa lake. Nani apike nini na kwa kiasi gani, hayo pia yalikuwa yake. Mama yangu aliolewa kutoka Mbita, kwa watu wa maji, na Dani alimwita Nyar Nam, binti wa ziwa. Siku njema jina hilo lilikuwa heshima. Siku mbaya lilikuwa shtaka, kama vile kuzaliwa karibu na maji ni kosa ambalo mtu angeweza kuliepuka.

Mama hakuijua tumbaku kabla ya kuolewa. Kwao walijua nyavu na kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyasi. Kwetu samaki alionekana kama mgeni, tena mgeni wa kupita. Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na mboga za majani, na msimu ule ninaousimulia ng'ombe wawili tuliokuwa nao walikuwa wamekauka maziwa. Katika ghala mlikuwa na njugu, lakini hizo zilikuwa mbegu. Mbegu haikuliwa. Hata mtoto mchanga nyumbani kwetu alijua hilo kabla hajajua jina lake.

Okoth alikuwa bado ananyonya Baba alipokuja likizo. Baba aliporudi Kericho, Mama alikuwa na mimba nyingine, na mtoto hanyonyi maziwa ya mwenzake aliye tumboni, ndivyo tulivyoambiwa. Mama akapaka pilipili kwenye titi lake. Okoth alilia siku nyingi, halafu akaacha. Akapewa ugali kama sisi.

Nilikuwa na umri wa kubeba mtoto mgongoni na kutwa nzima nikamsahau kama vile ni sehemu ya nguo yangu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeyaona mabadiliko karibu zaidi, na mimi ndiye niliyeyaelewa vibaya zaidi. Kwanza aliacha kunivuta masikio. Kisha akaanza kuwa mzito. Mashavu yakajaa, miguu ikawa minono na laini, na nikiibonyeza kwa kidole pakabaki shimo dogo ambalo halikuondoka upesi. Niliona ni mchezo mzuri. Kanisani wanawake walimshika mashavu wakasema, "Nyar Nam, mtoto wako amenona," na Mama akaitikia asante kwa sauti ndogo, akaangalia kando.

Halafu nywele. Okoth alizaliwa na nywele nyeusi tii. Zikaanza kuwa za kahawia, zikawa nyekundu nyekundu kama udongo wa kichuguu, kisha kwenye ncha zikawa njano. Zilikuwa nyepesi, na nikizivuta kidogo zilitoka bila yeye kulia. Inzi walikaa kwenye kope zake na yeye hakuwafukuza. Alikuwa akitazama tu, kama mzee anayesubiri watu wamalize maneno yao.

Wakati huo huo tumbaku ya Dani ilikuwa inageuka rangi.

Dani aliipanda katika zizi la zamani, pale ng'ombe wa Babu walipolala miaka mingi kabla boma halijahamishwa. Udongo wa mle ulikuwa mweusi na laini, na mguu ulizama. Mwaka ule alipanua shamba, akapanda na nje ya mstari wa zizi, kwenye ardhi ya changarawe. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Aliichanganya na majivu ili aione anapoimwaga, akakifunika kitalu kwa nyasi, na miche ilipofika kimo cha kidole tukaihamisha jioni jua likiwa limepoa. Mimea ilipotaka kutoa maua Dani aliikata vichwa, ili nguvu irudi kwenye majani. Mikono yetu ikawa na gundi nyeusi isiyotoka kwa maji. Ukilamba kidole kwa bahati mbaya, unatapika.

Nilijua kanuni moja tu ya tumbaku: jani likiwa njano limeiva, na likiiva linachumwa, linatungwa kwenye kamba ya katani na kuning'inizwa chini ya mapaa. Na katika majuma hayo hayo tulikuwa tumezika mtoto wa jirani. Katekista alisimama kando ya kaburi akasema tusilie kama watu wasio na tumaini, kwa sababu Mungu ni mkulima, analitembelea shamba lake kila siku na kuchuma yaliyoiva.

Nadhani hakujua kwamba kuna mtoto anamsikiliza kwa masikio ya shamba la tumbaku. Nilikuwa na Okoth mgongoni. Nilihisi kichwa chake kimeegemea shingo yangu, na nikaziona nywele zake kwa pembe ya jicho, njano, na jua likipita ndani yake. Nikaelewa. Okoth alikuwa ameiva.

Sikumwambia mtu. Kesho yake, Mama alipokwenda kisimani, nilichukua chungu cha mboga, nikakigeuza, nikakwangua masizi kwa vidole. Nikachanganya na mate. Nikampaka Okoth kichwa kizima, mpaka nyuma ya masikio, nikasema moyoni kwamba Mungu akipita leo atamwona bado ni mbichi.

Mama aliporudi aliweka mtungi chini polepole. Nilitarajia kofi.

"Adhiambo, umemfanya nini mtoto?"

"Nimempaka."

"Kwa nini?"

Niliogopa kwamba nikilitamka neno lile, litasikika juu mbinguni. Mama alimwosha tena na tena mpaka rangi ile ya njano ikarudi, na alipomaliza akaketi ameshika kichwa cha Okoth mikononi, mabega yake yakitikisika. Nilidhani analia kwa sababu ya masizi.

Dani alikuwa na maelezo yake. Alisema ni chira, adhabu inayoingia nyumba iliyovunja mwiko. Kwetu mkwe hatii mbegu ardhini kabla mama wa boma hajatoa mbegu yake, na Mama, mvua zilipoanza, alikuwa ametupia kunde chache nyuma ya nyumba yake bila kusubiri. Dani alizigundua zilipochipua. Alizing'oa zote, akazirundika mlangoni kwetu, akaondoka bila neno. Okoth alipoanza kuvimba, Dani akaenda mwenyewe kuchimba mizizi ya manyasi, dawa ya chira, akaichemsha, akaja nayo kwenye kibuyu.

"Mpe asubuhi na jioni," akasema. "Na wewe unywe. Mwiko ni wako."

Mama alikunywa. Okoth alitapika yote. Nataka nieleweke: Dani hakumchukia mtoto yule. Nilimwona akimshika miguu na kuipuliza kana kwamba imeungua. Alitafuta dawa kwa namna aliyoijua, tena kwa bidii, akipanda vilima na magoti yake mabovu.

Siku moja Mama alimfunga Okoth mgongoni tukaenda zahanati ya misheni. Nilibaki nje pamoja na viatu vya watu. Mama alikaa ndani muda mrefu, na alipotoka uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

"Wamesema ana ugonjwa gani?" nikauliza njiani.

"Hawakusema ugonjwa."

"Basi amepona?"

"Tembea, Adhiambo." Tulipokaribia boma akasimama akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Dani akikuuliza, sema tulikuta watu wengi, tukarudi." Dani hakuniuliza. Na mimi nikaamini kwamba wamemwambia Mama kile nilichokuwa nakijua tayari.

Somo lenyewe nililipata shambani, asubuhi moja ya umande. Dani alinituma nichume majani ya chini. Nikaenda moja kwa moja nje ya mstari wa zizi, kwenye changarawe, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na njano zaidi. Nilikuwa nimeshika jani la kwanza nilipohisi mkono wake mgumu juu ya wangu.

"Unachuma nini?"

"Lililoiva, Dani."

"Nani amekuambia limeiva?"

"Ni njano."

Aliguna. Akanivuta mpaka ndani ya zizi, akainua jani moja kubwa la mmea mnene. "Shika. Usitazame, shika." Nikashika. Lilikuwa nene na zito, lina vinundu kama ngozi ya chura, na gundi ikanishika kidole. Lilikuwa limeinamisha ncha yake chini. Njano yake haikuwa moja, ilikuwa mabaka mabaka juu ya kijani, na mshipa wa katikati ulikuwa mweupe. Dani alilivuta chini, likakatika shinani na kutoa mlio safi. "Hili limekula, likashiba, likazeeka. Limeiva. Likikauka litakuwa na harufu, na mtu akilinusa atapiga chafya hadi amkumbuke mama yake."

Kisha tukarudi kwenye changarawe. "Sasa shika hili."

Lilikuwa jembamba kama kitambaa cha zamani. Lilikuwa njano lote, rangi moja ya kufifia, na mmea wenyewe ulikuwa mfupi, bado haujafika hata kukatwa kichwa. Lingine kando yake lilikuwa limebaki kijani kwenye mishipa tu, na kati ya mishipa limekwajuka, likafanana na wavu. Lingine lilikuwa limeungua pembezoni. Dani alivuta moja, halikukatika, lilichanika.

"Haya hayajaiva," akasema. "Haya yana njaa. Mti ukikosa chakula chini, unakula majani yake wenyewe, unaanza na ya chini kulisha ya juu. Mjinga akiona njano anafurahi, anachuma. Akikausha anapata majivu."

"Tutafanyaje?"

"Mwenye njaa hufanyiwa nini? Analishwa."

Tulibeba samadi kutoka kwenye zizi jipya, mimi kwa kikapu na yeye kwa ungo, tukaiweka shinani, mvua ikaishusha. Majani ya chini yaliyokwisha kuchoka hayakurudi. Lakini ya juu yakakataa kuyafuata. Baada ya muda yakawa na kijani kizito ambacho sijakisahau. Nilikuwa nikienda kuyatazama kila asubuhi na Okoth mgongoni. Nilimgeuza ayaone. Nilikuwa na wazo ambalo sikuthubutu kulimaliza.

Siku ya mavuno makubwa walikuja wanawake wa maboma ya jirani kutusaidia, kama ilivyokuwa desturi. Walikaa kivulini wakitunga majani kwenye kamba, mazungumzo na vicheko vikipanda. Mama naye alikuwa anatunga, tumbo lake limeanza kuonekana. Okoth alilala kwenye mkeka karibu naye. Dani alikuwa anapita akiangalia kazi, akilitupa jani hili, akilirudisha lile.

Min Ogola, yaani mama yake Ogola, jirani yetu mwenye sauti kubwa, alichukua jani kutoka kwenye rundo langu akasema, "Mama, hili mjukuu wako amechuma bichi."

"Si bichi," Dani akasema, na nikasikia fahari kwenye sauti yake. "Adhiambo hakosei sasa. Muulize."

Wote wakanitazama. Sijui ni fahari ile iliyonifungua mdomo au ni vile nilivyokuwa nimelibeba neno lile mpaka likanizidi uzito. Sikueleza habari za jani. Nilimwonyesha Okoth kwa kidole.

"Dani, Okoth ameiva, au ana njaa?"

Mikono ilisimama kwenye kamba. Nilidhani hawajanielewa, nikaendelea. "Nywele zake ni njano rangi moja. Hazishiki. Ukivuta zinatoka tu. Kama majani ya kule kwenye changarawe."

Min Ogola akashusha macho. Dani alinitazama, halafu akamgeukia Mama, polepole.

"Nani amemfundisha mtoto maneno haya?"

"Sijamfundisha mtu, Mama," Mama akasema.

"Mbele ya wageni wangu. Kwangu mimi mtoto anakufa njaa?"

Mama angeweza kusema hapana. Wanawake wote pale walikuwa wakimsubiri aseme hapana, ili kazi iendelee na jua lishuke salama. Aliweka kamba yake chini. Akafuta gundi kwenye vidole kwa majani makavu, kidole kimoja kimoja.

"Zahanati walisema hivyo," akasema. "Walisema si ugonjwa na si kulogwa. Walisema anataka samaki, au maziwa, au maharagwe. Niliogopa kukuletea neno hilo, Mama. Lakini mtoto amelisema. Mimi siwezi kulirudisha."

"Miguu imejaa hivi, unasema njaa?"

"Ndivyo walivyosema."

Dani hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliwaambia wanawake, "Malizeni," akaingia nyumbani mwake, akafunga mlango mchana kweupe. Wanawake walimaliza kamba zao kimya wakaondoka mmoja mmoja, bila kusubiri uji.

Asubuhi yake Mama alikuwa amefunga mzigo. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Dani akapiga magoti nje. Mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo, lakini Dani hakutoka.

"Nampeleka kwa mama yangu, Mama. Huko kuna samaki. Sikimbii ndoa. Nakuachia Adhiambo ujue kwamba sikimbii. Ameshakomaa, atakusaidia."

Akainuka, akajitwisha mzigo.

Nilishikilia gauni lake mpaka njia panda. Nilisikia lile neno moja tu, ameshakomaa. Okoth ana njaa, kwa hiyo anapelekwa kwenye chakula. Mimi nimekomaa, kwa hiyo nimechumwa. Mama alivitoa vidole vyangu kwenye nguo yake, akanishika uso, akasema mambo mengi kwa haraka, na sikuyasikia. Niliona tu kichwa cha Okoth kikiyumba mgongoni mwake, wakiteremka kuelekea barabara ya malori.

Majuma mengi yaliyofuata nililala nyumba moja na Dani, chini ya tumbaku iliyoning'inizwa. Ilikuwa inakauka, ikibadilika kutoka njano kuwa kahawia, na harufu yake ilikuwa tamu kama asali iliyoanza kuchacha. Dani alizungumza nami kwa habari za kazi tu. Leta kuni. Geuza rundo. Funika kwa majani ya migomba. Sikupigwa, sikukaripiwa. Lakini wakati wa kula alikuwa akinitazama. Alitazama mikono yangu, kisha nywele zangu. Siku moja alinishika mguu ghafula, akabonyeza kwa kidole gumba, akangoja, akauachia.

Majirani waliacha kuja. Nasikia kisimani ilisemwa kwamba boma letu lina njugu ghalani na mtoto anavimba kwa njaa. Dani alipita katikati ya maneno hayo akiwa amenyoosha shingo. Nyumbani nilimsikia akijisemea, "Amejaa hivi. Amejaa hivi," kama mtu anayehesabu ng'ombe na mmoja hatimii.

Kulikuwa na majani ya changarawe ambayo Min Ogola au mwingine aliyatunga siku ile bila kuyachambua. Yalipokauka Dani aliyashusha ili ayatenge. Alilifinya moja kiganjani. Lilisagika likawa unga wa kijivu, halikuwa na harufu yoyote, na unga ule ukapeperuka kati ya vidole vyake. Alikaa na kiganja wazi muda mrefu. Mimi nilikuwa nafagia, niliacha kufagia.

Kesho yake alfajiri alipanda ghalani. Nilisikia vyungu vikisogezwa. Alishuka na kikapu cha njugu, mbegu zote, akakifunika kwa kitambaa.

"Oga," akaniambia. "Tunakwenda ziwani."

Min Ogola alituona kwenye njia akashika kiuno. "Mama, unakwenda kwa wakwe bila kuitwa? Watu watasema nini?"

"Waseme," Dani akajibu bila kusimama. "Tayari wanasema."

Tulipanda lori la mizigo mpaka Homa Bay, tukalala kwa mtu wa kanisa, kisha mashua. Dani hakuwahi kukanyaga maji makubwa. Alishika ukingo kwa mikono miwili, kikapu katikati ya magoti, midomo ikitembea. Sijui alikuwa anasali au anaapa.

Huko Mbita walituelekeza kwenye nyumba ya nyanya yangu mzaa mama. Uwanja ulikuwa umetandikwa omena, uking'aa. Mama alikuwa ameketi mlangoni, tumbo kubwa, na kwenye paja lake palikuwa na mtoto ambaye sikumtambua. Alikuwa mifupa mitupu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, miguu kama vijiti vya kukokea moto, ngozi ya mapaja imelegea kama ya mzee.

Dani aliachia kikapu. Ukelele alioutoa ni ule wa msiba, ule unaotoka tumboni, na watu wakatoka kwenye nyumba za jirani. "Mmemmaliza! Nilikupa mtoto mnene, Nyar Nam, tazama ulichoniwekea!"

Mama alitaka kuinuka, tumbo likamzuia. "Mama, hapana. Njoo. Njoo umwone karibu."

"Nimeona!"

"Yalikuwa maji, Mama. Ule unene ulikuwa maji. Yametoka. Hivi ndivyo alivyokuwa ndani yake wakati wote."

Dani alisimama. Nilimwona akilipokea neno hilo kama mtu anayepokea mzigo asiojua uzito wake. Alisogea, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Okoth. Alizitenga nywele zake kwa vidole viwili. Kwenye ncha zilikuwa bado njano. Kwenye ngozi, pale zinapoota, zilikuwa nyeusi.

Okoth alimtazama. Halafu akafanya jambo ambalo nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kulifanya. Alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti yote, akinyoosha mkono kwenye bakuli lililokuwa kando ya Mama, lenye supu ya samaki.

"Anataka chakula," Mama akasema, na sauti yake ikakatika. "Sasa analia akitaka chakula. Kutwa nzima. Anatuchosha."

Dani aliketi chini kabisa, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Alimlisha yeye mwenyewe, akiondoa miiba kwa kucha zake zilizokuwa nyeusi kwa gundi ya tumbaku. Bakuli lilipokwisha, aliongea bila kumwangalia Mama.

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, Mama?"

Upepo uliinua harufu ya samaki uwanjani. Nyanya mzaa mama, aliyekuwa ametoka aliposikia ukelele, aliondoka taratibu, akatuacha. Niliketi kati yao wawili, na kwa mara ya kwanza nilimwona Dani akitafuta neno na kulikosa.

"Sijui," akasema mwishowe.

Tulirudi Suna sisi wawili, njugu tukiziacha kwa Okoth. Mwaka ule tulipanda njugu za kuomba kwa watu. Mama alijifungua msichana huko huko ziwani, na alikuja baada ya mvua, Okoth akitembea mbele yake. Alikua, ingawa hakuwahi kuwa mrefu kama sisi wengine, na alipoanza shule alikuwa amechelewa. Mama na Dani hawakupendana. Ningependa kusema walipendana, lakini niliishi nao, nayajua. Mambo mengi waliyapita kando, na kuhusu siku ile ya mavuno sikuwasikia wakinena hata neno moja mpaka Dani alipofariki.

Ila kila jioni, kabla hajafunga mlango wake, Dani alisimama uwanjani na kuuliza kwa sauti ya kusikika nyumbani kwetu, "Watoto wameshiba?"

Na Mama, aliye ndani, alijibu ukweli. Siku tulizoshiba alisema tumeshiba. Siku ambazo hatukushiba, alisema hatujashiba, na tukasikia hatua za Dani zikielekea ghalani.